Divai ya Kibandani

Duka kubwa la bandarini lilifurika watu, meli ya wageni ndiyo kwanza imetia nanga. Vikapu viligongana, watoto walililia aiskrimu, na feni ya darini ilijivuta kama karani anayesubiri kuhongwa. Fundi saa alinyoosha mkono kwenye rafu ya divai. Mkono mwingine ukamzuia.

"Hiyo usinunue, kaka."

Aligeuka. Mwanamke wa makamo, gauni la manjano, kofia pana ya majani, na harufu ya vanila iliyokataa kumtoka vidoleni hata likizoni. Alikuwa mpishi wa keki.

"Kwa nini? Unaitaka wewe?"

"Siitaki hata kwa dawa! Tazama kizibo kilivyochomoza. Imepikwa na jua. Ukifungua hapo ni siki."

"Siki nayo ina wenyewe."

"Basi kanunue na kabichi," akasema, na wote wawili wakacheka.

Mpishi alikuwa na haja moja kisiwani: glasi ya divai nzuri, anywe huku ameinua miguu, maana miaka yote alikuwa akiimimina kwenye keki za harusi za watu. Kumbe kisiwa kizima hakina. Shehena ilikuwa ikikaa bohari la forodha chini ya bati, ikisubiri muhuri wa bwana mkubwa ambaye hana haraka. Chupa nzima nzima huingia nyumbani kwake, kwenye kiyoyozi. Zilizochemka ndizo za akina sisi.

Fundi saa akajitolea kumsaidia kutafuta. Walizunguka duka hadi duka, baa hadi baa. Yeye anabeba kapu, mpishi ananusa na kukunja pua.

"Hii je, Mama Keki?"

"Soksi."

"Na hii?"

"Soksi za babake."

Fundi alicheka mpaka akajishangaa. Alikuwa mgane. Mkewe alifia kwenye benchi la hospitali, wakubwa wakiulizana nani mwenye ufunguo wa gari la wagonjwa. Tangu siku hiyo hakuamini mtu mwenye tai, wala hakutaka kupenda, kwa kuogopa kunyang'anywa tena. Binti yake ndiye aliyemkatia tiketi. "Baba, nenda kapumzike. Hapa nyumbani unazungumza na saa tu."

Sasa kila mara mpishi alipompigia simu, moyo ulimruka.

"Umelala, fundi?"

"Nitalalaje, na wewe unapita kichwani umevaa viatu?"

"Nivue basi?"

"Wewe mwanamke una vituko!"

Ndipo ulimi ukamponza. "Kesho jioni nitakuletea divai utakayowasimulia wajukuu."

Kesho yake akahangaika toka asubuhi, asipate. Aibu ikamshika. Mwishowe akanunua divai ya kibandani, ile ya kupimiwa kutoka kwenye dumu. Akaomba chupa tupu jikoni hotelini, ya kifahari, yenye nembo ya dhahabu. Akamimina, akashindilia kizibo, akayeyusha nta ya mshumaa na kuipaka shingoni taratibu, kwa mkono ule ule uliozoea kupachika vyuma vidogo kuliko punje ya ulezi. Kazi safi. Hata yeye karibu aiamini.

Mpishi alimpokea barazani mwa hoteli yake, kanga mabegani, glasi mbili mezani. Akaisogeza chupa puani. Tabasamu likafa.

"Huu ni mshumaa."

"Lakiri hiyo, muhuri wa kiwandani."

"Mimi nawasha mishumaa ya keki kila siku ya Mungu, fundi. Chupa hii imefunguliwa. Umetia nini humu?"

Neno moja la kweli lingetosha: nilikosa, nikanunua ya rahisi. Lakini mwanamume na aibu yake!

"Unanidhania mimi mtu wa kutia kitu?"

"Mdogo wangu alitiliwa kitu kwenye glasi na mwanamume mcheshi kama wewe. Aliamka nyumba asiyoijua. Sema, umetia nini?"

"Kama huniamini, basi."

"Basi!" Akainuka. "Ondoka, na chupa yako."

Fundi akaondoka nayo. Chumbani kwake, kwa hasira za kumkomoa asiyekuwepo, akanywa glasi moja. Akaongeza ya pili.

Asubuhi alidhani dirisha limeingia ukungu. Akalifuta kwa kiganja. Kioo kilikuwa kikavu. Akaufuta uso, ukungu ukabaki pale pale. Akachukua saa yake ya mkononi, akaisogeza karibu, karibu zaidi, hadi ikagusa pua. Mishale haikuonekana.

Baridi ikampanda kutoka nyayoni. Fundi saa bila macho ni nini? Kichwa kilimgonga, tumbo lilimsokota. Nje mlangoni wafagizi wawili walikuwa wakinong'ona.

"Wengine watatu wamepelekwa hospitali. Yule dereva haoni kabisa."

"Divai ya madumu. Wametia spiriti ya viwandani."

"Na wakubwa wanajua tangu juma lililopita! Wamekataza isitangazwe, eti wageni watakimbia."

Fundi akaketi sakafuni. Aliliogopa giza hilo linalokuja kuliko alivyowahi kuogopa kufa.

Simu ikalia. Akaipapasa kitandani.

"Sikupigii kwa mapenzi," mpishi alisema haraka haraka. "Hapa hotelini wanasema kuna divai yenye sumu. Ile yako ulinunua wapi?"

Fundi akaibana simu sikioni.

"Fundi! Ulinunua wapi?"

"Kibandani. Ya dumu. Sikutia kitu, wallahi. Nilikosa nzuri, nikaona haya kuja mikono mitupu."

"Uliinywa?"

"Niliinywa."

"Unaona?"

"Mama Keki... sioni vizuri."

"Mjinga wewe! Mjinga mkubwa! Usisogee, nakuja."

Alifika na teksi, kiatu kimoja hakijafungwa. Hospitalini mapokezi wakasema wasubiri mkubwa aidhinishe. Mpishi akapanda juu ya benchi, mwanamke mzima, akapaza sauti: "Huyu amelishwa sumu mliyoificha! Mnataka niwaeleze hawa wageni wote waliojaa hapa?" Daktari akapatikana papo hapo. Wakamtundikia dripu, wakamwingiza kwenye mashine ya kusafisha damu. Na muda wote huo fundi aliyafumba macho, akakataa katakata kuyafumbua.

Siku ya pili daktari alisema, "Sumu imetoka. Tulivyomuwahi, huenda amepona, huenda sehemu imeharibika. Afumbue tujue."

"Sifumbui," fundi akasema.

Ndege ikanguruma juu ya paa. Alijua ndiyo ya mpishi. Alimsikia jana akiitaja. Akatega sikio. Kimya. Amekwenda. Na angekaaje, kwa mtu aliyemletea uongo ndani ya chupa? Machozi yakapenya kope zilizofumbwa.

"Unalia nini na mimi nipo?"

"Hujaondoka?"

"Nilikuwa natafuta kiti. Hospitali nzima viti vizima viko ofisi ya mganga mkuu. Nimechukua kimoja. Haya, fumbua."

"Naogopa."

"Hata mimi."

Fundi akaupapasa mkono wake, akaushika. "Nijibu kwanza. Utakubali nikuoe?"

"Unaniuliza sasa? Bila hata kujua?"

"Nikifumbua nikakuta giza, sitathubutu kukuuliza. Nikikuta mwanga, utadhani ni shukrani. Sasa hivi sina kitu mkononi zaidi ya wewe. Na safari hii sijapaka nta popote."

Fundi alimsikia mpishi akivuta pumzi, kama anavyovuta kila afunguapo chupa asiyoijua.

"Daktari," akasema hatimaye, "sogea karibu. Mchumba wangu anataka kufumbua macho."

Akaukaza mkono wake ndani ya mkono wa fundi. Naye fundi, akiwa bado ameushika, akafumbua.