Joyeuse Si Chumba cha Kukodi

Naapa hadithi hii ni kweli tupu, na asiyeamini aje mtaani kwetu Weston aulize. Lifti ya jengo letu ilikuwa ya polepole hivi kwamba uliingia umenyoa, ukatoka na ndevu. Humo ndimo nilimokutana, Ijumaa moja ya Aprili 1996, na jirani yangu Donatienne akimtoa binti yake Joyeuse shuleni kama kila siku. Joyeuse alikuwa na miaka kumi na mmoja. Donatienne alikuwa amemuasili kisheria mwaka uliotangulia.

"Babu Gerishon," Donatienne aliniuliza, "kwenye fomu ya kodi ya mwaka huu, Joyeuse namwandikaje?"

Sikujua, lakini kunyamaza sijazoea. "Mtoto wa kuasili ana kodi yake," nikasema. "Ukikosea, serikali inamchukua."

Nilikuwa natania. Joyeuse hakucheka.

Kesho yake walikwenda kwenye ukumbi wa mtaa, ambako mhasibu, Bi Nilofar, aliwajazia watu fomu bure. Nami nikawafuata, nisikose uhondo. Joyeuse alibeba begi zito. Mama yake alidhani ni vitabu. Alipolifungua mezani, zikamwagika nguo. Mtoto huyu ukimsalimu kwa Kiswahili hujibu Kiingereza, lakini siku hiyo alisema Kiswahili mpaka watu wakageuka.

"Mama analipa kodi, ndiyo tunakaa kwenye nyumba. Asipolipa, tunafukuzwa. Kwa hiyo na mimi nimekodiwa? Mimi ni chumba?"

"Nani kakuambia?" mama yake akauliza.

"Babu huyu, na wewe ukiwepo. Mnaongea habari zangu kwenye lifti kama mimi sipo."

Bi Nilofar akaweka kalamu chini. "Mwanangu, kodi ya nyumba ni nyingine, ya serikali ni nyingine. Zimefanana jina tu. Hii inatozwa kwenye mshahara wa mama, si kwenye kichwa chako. Na hapa unaandikwa mtoto. Aliyezaliwa, aliyeasiliwa, wote mtoto."

"Na wakinichukua?"

"Nani?" Donatienne alisema kwa hasira. "Hukukodiwa, na hurudishwi." Kisha akanigeukia. "Na wewe, mzee mzima. Usichokijua, sema sijui. Mzaha wako umemfungisha mtoto mizigo. Sasa utamlipaje?"

"Sijui," nikasema.

Joyeuse alijua. Akanitwika begi lake, akanipeleka dukani kununua chipsi. Nikalipia sahani tatu, maana mama yake na Bi Nilofar nao walikuja nyuma, wala hawakuniuliza kama nina njaa.