Doa la Kijani Shambani kwa Mzee Zebedayo

"Tulinagwe, kimbia! Mzee anapanda!"

Mchumba wangu aliruka kutoka kwenye kigoda na kutimkia kwenye migomba, brashi ya kuchorea ikiwa bado mdomoni. Kwetu Nkunga, mkwe na baba mkwe hawatazamani usoni wala hawasemeshani, na baba yangu, Mzee Zebedayo, ameishikilia mila hiyo kuliko anavyoshikilia fimbo yake. Mimi sikuwa na mwiko wowote, lakini nilimfuata mbio. Juzi yake mzee alikuwa amenichana laivu:

"Gwe Lutufyo! Nimeambiwa huyo binti wa Masukulu anashinda kilimani anachora. Wajukuu wangu watakula michoro? Jumamosi ng'ombe wa mahari hawatoki zizini."

Leo ilikuwa Jumatano.

Tukachungulia kati ya migomba. Picha ilibaki peke yake juu ya kigingi chake cha miguu mitatu, rangi mbichi. Jamani, mwanamke huyu anajua! Hanunui rangi ya kijani hata siku moja. Anachanganya bluu na njano mpaka apate anachokitaka, maana anasema kijani cha chai si kijani cha mgomba, na cha mgomba si cha mparachichi. Siku kumi na moja alikuwa akirudi pale pale, mkabala na shamba letu, kusubiri ukungu uachie Mlima Rungwe walau dakika kumi. Nimezaliwa chini ya mlima ule, lakini sikuwahi kuutazama mpaka nilipomwona yeye akiutazama.

Mzee akasimama mbele ya picha. Akavua kofia. Alijua fika kwamba mkwewe yuko migombani, na kwa kuwa hawezi kumsemesha, akaisemesha picha.

"Wewe picha, mwambie aliyekuchora, nyumba ameipatia. Zizi amelipatia. Hata ule mgomba wangu ulioinama. Lakini hapa chini ya zizi ameweka doa. Oktoba hii nyasi zote zimekauka, yeye ananichorea kijani kibichi! Alifute. Akilifuta, ng'ombe wanatoka."

Akavaa kofia, akashuka zake. Nilitaka kurukaruka.

"Umesikia, mpenzi? Futa! Kazi ya dakika mbili!"

"Sifuti."

"Tulinagwe!"

"Lipo, Lutufyo. Saa mbili asubuhi ukungu ukipanda, linaonekana. Nyasi za pale zina rangi yake."

"Mimi nimekulia pale. Hakuna kitu!"

"Umekulia pale, lakini hujawahi kupatazama kutoka huku."

"Kwa hiyo doa lina maana kuliko ndoa yetu?"

Machozi yakamlengalenga, lakini sauti haikutetereka.

"Nikimdanganya baba yako kwenye picha ya kwanza, ya pili nitachora nini? Na wewe utakuwa umeoa nani?"

Niliondoka kwa hasira bila kuaga. Nilikuwa mjinga, sina neno jingine. Jioni ikaingia meseji yake:

"Kesho nipo kilimani. Picha iko vilevile. Nakupenda sana, lakini sifuti."

Nikaitupa simu kitandani.

Alhamisi nilikwenda kazini kwangu, kwenye kituo cha kupimia majani ya chai. Huku nyuma mzee akapanda tena kilimani, Tulinagwe akakimbilia tena migombani. Baadaye ndipo aliponisimulia. Mzee alilikuta doa liko palepale, akapiga fimbo chini.

"Wewe picha, aliyekuchora ni mkaidi! Nakwenda na jembe. Nitamchimbia udongo mkavu auone kwa macho yake!"

Saa kumi simu yangu ikaita.

"Gwe Lutufyo! Uko wapi?"

"Shikamoo, tata. Niko kwenye mizani. Kuna nini?"

"Nimechimba pale penye doa. Nimefika kiunoni..."

Nikawa nasikia anavyohema tu.

"Tata? Umeumia?"

"Maji, mwanangu! Maji! Gambuti zimejaa! Miaka yote marehemu mama yako alibeba ndoo kutoka bondeni, kumbe maji yalikuwa chini ya zizi langu!"

Sauti ikamkatika. Sikuwahi kumsikia baba yangu akilia kabla ya siku hiyo.

"Mwambie kesho asichelewe," akaendelea. "Ukungu utapanda mapema. Na wewe Jumamosi uamke kabla ya ng'ombe."

Nilipanda kilima mbio mpaka pumzi ikaniisha. Tulinagwe alikuwa anafuta brashi.

"Nisamehe."

"Kwa lipi?"

"Kwa kukwambia ufute."

Akanikabidhi kibao chake cha rangi.

"Shika hiki, mkono umechoka. Nitakusamehe nikimaliza mawingu."

Yalikuwa mawingu mengi. Nilikishika mpaka jua likazama, na nilikuwa na furaha kuliko siku zote.

Jumamosi ng'ombe walitoka, na Desemba tukafunga ndoa. Wali wa harusi ulipikwa kwa maji ya kisima kile cha chini ya zizi. Kanisani mzee alikaa nyuma ya nguzo asimwone mkwewe, na nyumbani akawekewa kiti upande wa pili wa pazia, chini ya ile picha aliyoitundika mwenyewe. Mama mdogo Doreen akamtania:

"Shemeji, unajisifia mkwe na hata sura yake huijui!"

"Sura siijui," mzee akajibu kwa sauti, ili isikike ng'ambo ya pazia. "Macho yake nayajua. Ndiyo yaliyonionyesha shamba langu. Wewe picha, mwambie aliyekuchora: ndaga fijo. Asante sana."

Upande wetu wa pazia, mke wangu alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja. Nikamshika mkono. Kucha zake bado zilikuwa na kijani.