Miche ya Mwanabaraka

Bomba la maji la Temeke lilifunguliwa asubuhi na jioni, na vurugu ilikuwa jioni. Madebe yalipangwa mstari mpaka karibu na barabara. Wenyewe, wanawake tupu, walikaa pembeni wakisukana nywele na kuwasema wasiokuwapo. Mwaka ule wa hamsini na tatu, mwanamume katika mstari ule alikuwa mmoja tu: Bwanali, Mnyasa, karani wa ghala katika kampuni moja ya bandarini. Alivaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi na soksi ndefu, na alisimama karibu na debe lake asije mtu akalisogeza.

"Huyu hana mke?" mwanamke mmoja aliuliza, kwa sauti ya makusudi.

"Anaye. Yuko kwao Nyasa, anachota maji ziwani."

Walicheka. Mke hakuwa naye, lakini Bwanali hakugeuka. Alikuwa amezoea kuchekwa na alikuwa amechoka. Tangu vita viishe alikuwa akiishi Dar es Salaam, na kila mwaka alijiambia kwamba huo ndio wa mwisho. Sasa hata kujiambia kulikuwa kunamchosha.

Zamu yake ilipofika, debe jingine likatua mbele ya lake. Mwenye debe alikuwa amejifunga khanga za rangi ya tangawizi, ana kipini puani na vumbi mpaka magotini.

"Dada, ni zamu yangu."

"Naijua. Lakini wewe umetoka hapo, mie nimetoka Mtoni kwa miguu."

"Mtoni hakuna visima?"

"Vimeingia chumvi. Au unataka nikupikie chai ya chumvi?"

"Ukinipikia nitakunywa."

Wanawake waliokuwa wakisukana waliacha kusukana. Mwanamke yule alimtazama Bwanali kuanzia soksi hadi kofia, kisha akafungua bomba.

"Basi nisaidie kujitwisha," alisema, "maana maneno unayo."

Jina lake lilikuwa Mwanabaraka. Alikwisha vuka thelathini, aliolewa mara moja akaachika bila mtoto, na aliishi Mtoni na mama yake asiyetoka kitandani, katika nyumba ya mjomba wake, Mzee Mwishehe. Jioni ile Bwanali alimsindikiza hadi nusu ya njia. Ya pili akafika naye mlangoni. Kabla ya mvua za vuli walikuwa wanapendana, na Temeke nzima ilijua kabla hawajaambiana wenyewe.

Hayakuwa mapenzi ya kukimbizana. Wote wawili walikuwa watu wa kurudi nyumbani miguu inauma. Bwanali alikuja Mtoni saa za alasiri, akavua viatu, akakaa ukumbini, naye Mwanabaraka akampa chai na kumtania.

"Mnyasa wangu, leo umehesabu magunia mangapi?"

"Usinikumbushe magunia, Mwana. Nihesabie wewe maandazi."

Mzee Mwishehe alimpenda kwa sababu hakuwa na maneno mengi. Alimkatia kipande cha shamba nyuma ya nyumba, alime mahindi na mihogo. Bwanali alilima. Mti hakupanda hata mmoja, maana jirani yake wa Temeke, Fakihi, alikwisha mwonya tangu alipohamia mjini: katika shamba la mtu wa pwani mgeni hulima chakula tu. Akipanda mnazi, mnazi ni wake na wa watoto wake, na ardhi itamfuata. Atakuwa amejimilikisha, na watu watagombana. Bwanali aliishika sheria hiyo barabara, kwa kuwa alikuwa mtu wa heshima. Heshima hiyo nusura imponze.

Mwezi wa Novemba alifika kaka Asedi, ndugu yake wa ukoo, kwa treni ya bara. Alikuwa mrefu, mkavu, amevaa koti la sufi katika joto la Dar es Salaam na hakubali kulivua. Hakuja kutembea. Mjomba wao mkubwa alikuwa amekufa, na kwao, Wayao wa Nyasa, mjomba ndiye nguzo. Yeye ndiye anayesimama kwa ajili ya dada zake na watoto wao: kwenye posa, kwenye ugonjwa, kwenye kesi kwa chifu. Sasa zamu ilikuwa ya Bwanali. Dada zake watatu walikuwa wanangoja aje apewe jina la marehemu na kukaa mahali pake.

"Kampuni wanakupa tikiti ya kurudi mkataba ukiisha," alisema Asedi. "Unaisha mwezi huu. Nini tena?"

"Nipe siku chache, kaka."

"Kwa nini? Hapa una nini?"

Bwanali alikuwa na mwanamke wa Mtoni, kipande cha mahindi kisicho chake, na chumba cha kupanga. Aliona aibu kuvitaja. Na kwa Mwanabaraka pia hakusema kitu, kwa kuwa hakujua atakachosema baada ya kumwambia.

Lakini bombani hakuna siri. Wanawake walimpa Mwanabaraka habari pamoja na maji.

"Mnyasa wako kafiwa na mjomba, kafuatwa na ndugu yake. Anakwenda kwao."

Mwanabaraka hakumuuliza Bwanali. Alikwenda kwa mjomba wake, akakaa kwenye kigoda na kutazama chini.

"Mjomba, nataka miche miwili ya minazi. Nimwekee kwenye kipande chake."

Mzee Mwishehe alielewa mara moja. Alitafuna tambuu yake kwa muda. "Akipanda, amehamia hapa. Unajua?"

"Ndicho ninachotaka kujua."

"Basi chukua ile iliyochipua vizuri. Na usimwambie kitu. Mtu apande kwa moyo wake."

Kwa hiyo Bwanali alipofika alasiri ile alikuta miche miwili imelazwa katikati ya mihogo yake. Aliiangalia. Akadhani mzee ameisahau. Halafu wazo baya zaidi likamjia, kwamba mzee anamjaribu kuona kama ana tamaa ya ardhi. Akaipangusa udongo, akaibeba mikononi kwa uangalifu mpaka barazani na kuiweka miguuni pa Mzee Mwishehe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Nimekuta hii kwenye mihogo. Mie ni mgeni, mzee, siwezi kupanda. Nashukuru sana kwa yote mliyonitendea."

Nyuma ya pazia la mlango, Mwanabaraka alisikia kila neno. Hakutoka kumpa chai. Kesho yake alimwachia binti wa jirani kazi ya kumtazama mama yake, akaenda Msasani kwa dada yake, Zuena, aliyekuwa yaya kwa Mzungu mmoja.

Bwanali alimtafuta bombani na Mtoni. Mzee Mwishehe alimwambia tu, "Kaenda kupumzika kwa dada yake Msasani." Mwishowe, saa ya chakula cha mchana, mkuu wake alipoondoka, alikaa kwenye kiti cha mkuu, akanyanyua simu akaomba namba ya nyumba ya yule Mzungu wa Msasani.

"Halo. Bwana hayupo," alisema Zuena.

"Simtaki bwana. Namtaka Mwanabaraka."

"Wewe nani?"

"Bwanali."

"Yule wa kurudisha vitu vya watu?"

"Shemeji, tafadhali."

Baadaye ikaja sauti ya mbali. Mwanabaraka hakuwahi kushika simu, na hakutaka imguse sikio.

"Sema, nasikia."

"Mwana, umenikimbia."

"Nani kamkimbia mwenzie? Si wewe mwenye tikiti?"

"Sijaichukua."

"Hukuniambia kwamba mjomba wako kafa. Mtu unakula naye kila siku, anafiwa, hakwambii."

"Nilikuwa nangoja nijue nitakalosema."

"Na mie nilingoja, nikachoka. Nikakuletea miche, wewe ukaipeleka barazani na kushukuru."

Nje, makuli walikuwa wanapakua magunia na kutukanana.

"Ile miche ilikuwa yako?"

"Ya nani tena?"

"Mie niliambiwa mgeni hapandi mti."

"Ndiyo, mgeni hapandi," alisema Mwanabaraka. "Ndiyo maana nilikupa."

Karani mzima, aliyehesabu shehena za meli bila kukosea, alishika kichwa mezani kwa mkuu wake na kujiona mjinga.

"Nakuja kuipanda leo hii."

"Umechelewa. Mjomba kaipanda mwenyewe. Unadhani miche inakaa kungoja watu?"

Jumapili alimfuata Msasani, wakarudi pamoja kwa miguu kupitia Kinondoni. Jua lilikuwa kali. Walipumzika kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, wakala mihogo ya kuchoma na pilipili. Mwanabaraka alikuwa amevaa gauni la dada yake, limembana mabegani, na Bwanali alimwona mzuri kuliko siku zote. Alimwambia hivyo. Naye akacheka kidogo tu.

"Sasa nieleze habari za dada zako."

Akamweleza wote watatu. Mkubwa ana mume mlevi. Wa kati ana binti anayekaribia kuolewa na hana wa kumpokelea posa. Mdogo, Bwanali alimwacha akiwa mtoto, sasa ni mama wa watoto.

"Na kwenu si mwanamume huoa akahamia kwa mkewe? Ulinambia hivyo."

"Anahamia. Lakini kijiji cha pili. Dada akilia, unafika kwa miguu."

Mwanabaraka aliweka muhogo chini. "Nikwambie na mie. Nyasa siji. Mama yangu sitamwacha kitandani. Na sitakuomba ubaki, Bwanali. Nilishamwomba mwanamume abaki. Akabaki, na kila siku akanichukia kwa kubaki kwake."

"Usipoomba nitajuaje kama unataka?"

"Nakutaka. Hilo nakwambia. Kuomba siombi."

Walikaa pale mpaka kivuli kikahama. Bwanali alifikiri juu ya dada zake, na kweli mambo yao yalimuuma. Akafikiri pia juu ya miaka yote aliyoishi mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, hana kitanda cha kununua wala mti wa kupanda, kwa kuwa ataondoka. Hakuwahi kuwasaidia dada zake kwa kuishi hivyo. Wala hakuwahi kuishi.

"Jina wampe mdogo wangu mmoja wa ukoo aliye kulekule," alisema mwishowe. "Mie nimechoka kuondoka."

Sasa ilibaki posa, na mtu hajipelekei posa mwenyewe. Anapelekewa na wazee wake. Katika mji mzima Bwanali alikuwa na mzee mmoja tu, yule aliyekuja kumchukua.

"Unaniomba mimi?" Asedi aliuliza. "Nimetoka mbali kote huko kuja kukurudisha, unanituma nikakuoze?"

"Sina mwingine, kaka."

Asedi alitukana kwa Kiyao, kisha akafunga vifungo vyote vya lile koti la sufi na kwenda Mtoni. Bwanali alibaki Temeke, kama desturi inavyotaka, akitembea kutoka mlangoni hadi dirishani.

Ukumbini kwa Mzee Mwishehe walikuwa wamekaa wazee sita, ndugu na majirani. Asedi alikaa upande wa pili wa mkeka, peke yake. Alisema maneno ya posa kwa Kiswahili cha kwao kizito, na hakuna aliyecheka. Alipomaliza, mmoja wa wazee akauliza swali ambalo huulizwa kila posa.

"Na upande wa kijana, watu wake ni akina nani? Sisi tukipata jambo, tumwendee nani?"

Asedi alitazama mkeka. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni.

"Ana dada watatu, ana ukoo mkubwa, ana jina linalomngoja," alisema. "Lakini hapa kwenu, watu wake wote ndio mimi. Na mimi naondoka kesho."

Chumbani, Mwanabaraka alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha mama yake, akajifunika uso kwa khanga na kulia. Siku zote alikuwa akijiuliza kama Bwanali anampenda kiasi cha kubaki. Bei ya kubaki huko hakuijua mpaka alipomsikia Asedi.

Mzee Mwishehe aliinuka kwa shida. Alivuka mkeka akaenda kukaa upande wa pili, bega kwa bega na Asedi, akiwaelekea ndugu zake mwenyewe.

"Haya," aliwaambia. "Tuulizeni tena."