Uzi Kwenye Waya wa Taa

Ajali ina kinga, na asubuhi ile kinga ndiyo iliyoua.

Mpima ardhi alilala kifudifudi bondeni, hatua kumi kutoka kwenye gari lake la porini. Taa sita za ziada juu ya paa hazikuwa na ufa hata mmoja. Za mbele zilikuwa zimegandwa na tope kuukuu. Inspekta alikuna kichwa.

"Nilipishana naye konani alfajiri, Afande," alisema dereva wa lori. "Alipopunguza taa, zile za paani zikazimika zote kwa mpigo. Giza totoro. Halafu kishindo."

"Kwani huwa hazizimiki?"

"Zile? Jamaa alikuwa anapunguza za mbele tu. Za juu anakuachia zikutoboe macho."

Kufikia adhuhuri Koleo, fundi umeme aliyezifunga taa hizo, alikuwa chumba cha mahojiano, pingu mikononi.

"Ulichezea waya?"

"Aka! Nilimfungia swichi ya peke yake, kama alivyotaka."

"Waya umehamishwa. Sasa taa za juu zinategemea taa kubwa za mbele. Ukipunguza, zinazimika."

Koleo alikodoa macho. "Lakini Afande, sheria si ndivyo inavyotaka? Mwenye kosa ni mimi wa kwanza. Huyo wa pili amerekebisha!"

Inspekta alihesabu alichonacho. Ana maiti. Ana waya uliochezewa. Na mchezo wenyewe ni halali! Kichwa kilimzunguka kama feni.

Alikwenda gereji ya Koleo na picha ya kiungio cha waya uliohamishwa. Viungio vya Koleo vyote vilizungushiwa tepu nyeusi. Hiki kilifungwa kwa uzi mnene wa nta, mafundo mawili, mkia umekatwa kwa meno.

Kwenye kona ya gereji, mwanamke alikuwa akishona kiti cha gari. Akapiga fundo. Akapiga la pili. Akakata uzi kwa meno.

"Dada, gari la mpima ardhi lilipita kwako?"

"Siku mbili. Nilimbadilishia viti."

"Na waya?"

Alichomeka sindano kwenye sponji. "Na waya. Miaka sita niko mgongo kwa mgongo na Koleo, nitakosaje kujifunza? Mfungulie, hajui lolote."

"Kwa nini, dada?"

"Kaka yangu alikuwa na pikipiki. Taa zile zilimpofusha kona ileile, akaingia bonde lilelile. Nilikuja kituoni kwako. Uliandika nini?"

Inspekta alikumbuka. Aliandika neno moja: ajali.

"Ungemwambia mwenye gari."

"Nilimwambia. Akacheka, eti marehemu angevaa miwani ya jua."

"Ulitaka afe?"

"Nilitaka zizimike akikutana na mtu. Ningejuaje kwamba taa zake za mbele hajawahi hata kuzifuta?"

"Na ukamficha kwamba umehamisha waya."

"Ningesema, angezirudisha kesho yake."

Inspekta alitoa kalamu. Mauaji? Uzembe? Kufuata sheria bila ruhusa? Kalamu ilibaki hewani.

"Mjane wake yuko kituoni," alisema kwa sauti ya chini. "Mwombe radhi. Hakimu atalitazama hilo."

Mwanamke alikunja uzi wake, akanyoosha mikono yote miwili ili atiwe pingu.

"Mume wake hakuniomba. Wewe hukuniomba. Andika unachojua kuandika, Afande. Mimi radhi siombi."