Kivuli Kwenye Shati
Rafiki yangu mmoja, fundi cherehani, aliambiwa kaka yake ameukata mti mkongwe wa marehemu mama yao, bila kumuuliza mtu. Akaenda mchana kweupe kupiga picha kisiki, awaonyeshe wajomba.

"Piga tu," kaka akamcheka, akapanda juu ya kisiki kilichokuwa bado kinatoka utomvu. "Kwani mti ni ndugu yako?"

Rafiki yangu akainua simu, akamlenga. Alipopiga, alisikia mchakacho wa majani juu yake. Akatazama: jua tupu. Lakini kwenye picha, shati jeupe la kaka lilijaa vivuli vya majani.

Kaka akashuka, akaingia ndani ya nyumba; rafiki yangu akamfuata. Kaka alikuwa sebuleni anakunywa maji, mapazia yamefungwa. Vivuli vilikuwa bado vinatikisika mgongoni mwake, vikichakacha.