Nilijitoa Kwenye Chama cha Kuzikana, Nikabaki na Viti Vitupu

Ijuganyondo, Bukoba. Jumamosi, tarehe kumi na tano Novemba. Mvua ilianza alfajiri, ikakatika watu walipokuwa wanatoka sokoni, ikarudi tena na upepo wa ziwani. Ni mvua ya senene hii, wale panzi wetu wa kuliwa. Kila mtu anaangalia juu.

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na minne. Niliishia darasa la saba. Nashona nguo kwenye kibaraza cha duka pale Bilele, na ninaishi na binti yangu Koku aliye kidato cha tatu. Baba yake alishaoa kwingine. Sina ugomvi naye, kwa hiyo simwingizi humu.

Sijui kama nitayapanga vizuri haya. Nimeyaanza mara nyingi nikaacha. Leo nimerudi kutoka kwenye msiba wa watu nikasema basi, nayaandika hivyo hivyo.

Yalianza na king'amuzi. Kila mwezi ulipie, usipolipia picha inakatika katikati ya habari. Sawa, nikazoea. Kisha nikamchukulia mama yangu kule Muleba taa za sola, za kulipia kidogo kidogo, ukichelewa zinajizima zenyewe kana kwamba kuna mtu amekaa huko aliko na kidole kwenye swichi. Kisha masomo ya Koku ya kwenye simu. Kisha kifurushi cha intaneti ili hayo masomo yafunguke. Kisha nikaanza kupokea neno la kiroho kila asubuhi, nikadhani ni la bure, kumbe kila neno linakula salio. Wimbo wa kumwimbia anayenipigia nao... huo hata sikumbuki niliukubali lini. Wateja waliniambia, "Mama Koku, simu yako ina taarabu siku hizi," wakacheka.

Mimi mwenyewe sikuwahi kuusikia wimbo niliokuwa ninaulipia. Ndiyo hali niliyofikia.

Ukienda kununua kitu, unakuta hakinunuliki. Kinakodishwa. Hata mashine ya kudarizi niliyoitamani, muuzaji alinieleza kwamba michoro yake inalipiwa kila mwezi. Nikamuuliza, "Nisipolipa sindano itasimama?" Akasema, "Sindano itatembea mama, ila haitachora." Nikamwacha na mashine yake.

Sasa katikati ya uchovu huo likaja tangazo la huduma ya mazishi. Unachangia kila mwezi kwa simu, akifa mtu wako wanaleta jeneza, gari, turubai, viti na spika. Mama yangu alikuwa na zaidi ya miaka themanini, miguu imegoma, anaishi na dada wa kazi pale kibanjani kwetu, nyumba katikati ya shamba la migomba. Nikajiunga. Naomba niseme kwa haki: hawakunilazimisha. Nilibonyeza kwa kidole changu mwenyewe.

Mwezi uliofuata nikakaa chini na kusema, lazima nipunguze. Kitu kimoja kitoke. Ningeweza kutoa king'amuzi, Koku angelia kidogo yakaisha. Ningeweza kutoa ule wimbo. Lakini mimi, kwa akili yangu, nikaona kuna vitu viwili vinavyofanya kazi moja: huduma ya mazishi ya kwenye simu na chama cha kuzikana cha kijijini.

Asiyetoka kwetu nimweleze. Kijijini, nyumba zinazikana. Akifa mtu, hakuna anayeshika jembe shambani siku ile. Wanaume wanachimba kaburi kwenye kibanja cha marehemu. Wanawake wanaleta mikungu ya ndizi, kuni na maji, wanamenya, wanapika, wanalala kwenye nyasi pamoja na wafiwa. Nyumba isiyokwenda kwa wenzake nayo haiendewi. Tangu miguu ya mama igome, mimi ndiye niliyekuwa ninatoka Bukoba kwenda kuishika nafasi ya nyumba yetu. Nauli, siku mbili bila kushona, mgongo unauma.

Nikampigia Ta Kaijage, yaani Mzee Kaijage, mwenyekiti wa chama, nikamwambia kwa upole kwamba nyumba yetu itoke, tumepata utaratibu wa kisasa.

Akauliza, "Huo utaratibu una mikono?"

"Una watu wake, tata."

"Haya, waitu," akaniambia, neno letu la upole. "Nimesikia."

Je, hapo sikuonywa? Nilionywa. Lakini nilikuwa nimejaa hasira ya malipo ya kila mwezi hata nikalikata jambo pekee ambalo halikuwa la malipo.

Na la kuniuma zaidi ni hili. Mama sikumwambia.

Mume wa Ma Sabina, jirani yetu tunayepakana naye migomba, alifariki muda si mrefu baada ya hapo. Mama alisikia kilio akiwa kitandani. Akanipigia.

"Mkungu wetu umefika kwa Sabina?"

"Umefika, mama."

"Nani kaupeleka?"

"Nimemtuma mtu."

Hakuna mkungu uliofika. Dada wa kazi nilimkataza kusema. Nilimdanganya mama yangu mzazi aliyelala chali, hawezi kwenda kujionea...

Mama alifariki mwaka huu, mwezi wa mvua za masika, asubuhi, akiwa amekunywa chai yake. Nilipanda Hiace ya Muleba nikiwa na simu mkononi, ninabonyeza namba za ile huduma. Walipokea mara moja. Kesho yake mapema walikuwa wameshafika. Sitaki kumsingizia mtu: kila walichoahidi walikileta. Jeneza zuri. Turubai jeupe. Viti vimevalishwa vitambaa, vimepangwa mistari kama kanisani. Spika mbili zinaimba nyimbo za maombolezo. Msimamizi wao alikuwa dada mpole, ameshika kishikwambi chake, ananiita mama.

Ila watu hawakuwepo.

Nilikuwepo mimi, Koku, dada wa kazi na kaka yangu Deusi aliyefika kutoka Mwanza akiwa na mguu kwenye plasta. Na katekista, kwa sababu Kanisa halina mgomo. Viti vilikaa pale. Spika ikaimba, vitambaa vikapepea, kuku wa mama akapanda kiti cha mbele akatulia.

Kule kwenye mpaka wa kibanja niliwaona majirani wamesimama. Hakuna aliyekuwa shambani, walimheshimu mama. Lakini hakuna aliyevuka. Nikaenda mpaka pale, nikapiga magoti, nikawasalimu.

Ta Kaijage akaitikia vizuri. Kisha akasema, "Tumemlilia mama yako nyumbani kwetu. Hatujamkataa yeye. Ni nyumba iliyotuambia haituhitaji."

Mzee mwingine akachombeza, "Mna viti vingi, msiba wenu mkubwa."

Wengine wakainamisha vichwa. Walikuwa wamefanya kilekile nilichowaomba.

Nikarudi kwa yule dada msimamizi. Nikamuuliza vijana wake wataanza saa ngapi kuchimba.

Akaangalia kishikwambi, akaangalia tena. "Mama, pole sana. Kuchimba kaburi kuko kwenye kifurushi cha juu. Wewe uko kifurushi cha kati."

"Sijaelewa."

"Ukiongeza sasa hivi, naweza kuomba mafundi kutoka mjini. Watafika kesho."

"Na waombolezaji wako kifurushi kipi?"

Nilimuuliza kwa hasira, na haikuwa haki, yeye ni mwajiriwa tu. Lakini alinijibu kwa unyonge kwamba kwaya ipo, kwenye hicho hicho cha juu.

Deusi akanivuta pembeni. "Ongeza tu dada. Tutachangishana. Tumalize aibu hii."

Hapo ndipo kitu kilipokatika ndani yangu. Nikamwambia hapana. Nimeongeza vya kutosha. Nimeongeza intaneti ili masomo yafunguke, nimeongeza chaneli ili mpira uonekane, nimeongeza, nimeongeza... Mama yangu siendi kumwongezea kifurushi. Mama yangu atazikwa leo.

Nikaingia stoo, nikatoa sururu na sepetu ya marehemu baba. Nikafunga kanga kiunoni. Nikaenda kando ya kaburi la baba, kwenye mgomba wa tatu, nikaanza kuchimba.

Kwetu mwanamke hachimbi kaburi. Najua. Mpaka leo najiuliza kama nilikosea, kama nilimvunjia mama heshima mara ya pili. Koku alilia, "Mama, acha, watu wanatuangalia." Nikasema waangalie. Udongo ulikuwa umelowa, unanata kwenye sepetu. Nilichimba. Viganja vyangu ni vya cherehani, vilichubuka upesi. Nilichimba.

Kisha nikasikia sauti juu yangu.

"Unachimba kaburi au shimo la kupandia ndizi? Mama yako hakuwa mfupi hivyo."

Ni Ma Sabina. Mjane wa yule ambaye sikumpelekea hata ndizi moja. Amesimama na mkeka kwapani.

Nikasema, "Ma Sabina, nilikukosea."

"Ulinikosea sana. Sijaja kwa ajili yako." Akaukunjua mkeka, akaugeuza nione ukingo wake, mwekundu na mweusi. Nikaujua. Ni usukaji wa mama. "Mama yako alijua kila kitu. Unadhani mtu akilala kitandani masikio nayo yanalala? Siku ile ya mume wangu alimtuma binti wenu wa kazi, akaniletea huu. Akasema, mwanangu ana mambo mengi ya kulipia huko mjini, usimhesabie. Nimelalia huu mkeka matanga yote."

Mama alijua. Alijua, na hakunishitaki hata kwa neno moja! Alinisikiliza nikimdanganya kwenye simu, akaniitikia, "Haya, mwanangu."

Nilikaa chini humo humo shimoni.

Ma Sabina akapita katikati ya vile viti bila kuvitazama, akatandika mkeka chini, karibu na mlango, akaketi, akaanza kulia kilio chenyewe cha kwetu, cha kuita jina la marehemu na ukoo wake. Spika ikawa inaimba juu ya sauti yake. Yule dada msimamizi, Mungu ambariki, akaenda mwenyewe akaizima.

Ndipo Ta Kaijage alipovuka. Akaja mpaka ukingoni mwa shimo, akanitazama nilivyojaa matope.

"Toka humo, mwanamke. Unaaibisha wanaume wa kijiji kizima."

"Nitatoka mkiingia."

"Tunaingia. Lakini na wewe una faini."

"Nitaitumikia."

Wanaume wakaingia na sepetu zao. Wanawake nao wakaja, wengine wamenuna, wamebeba kuni kidogo kidogo. Mikungu haikuwa mingi. Siwadai, ilikuwa mingi kuliko niliyostahili. Jioni ile mama alikuwa amelala kando ya baba.

Faini yangu walinisomea baada ya matanga. Pipa la lubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa wazee, na kila msiba wa kijiji niwe wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, kazi yangu ni kuteka maji. Mpaka waseme basi. Bado hawajasema.

Niliporudi mjini nikaanza kukata. Huduma ya mazishi iliniuliza kwenye simu kwa nini ninaondoka, nichague moja, mbili au tatu: bei, mtandao, au nimepata huduma nyingine. Jibu langu halikuwemo. Nikapiga. Binti aliyepokea akaniambia nikijitoa sasa nitapoteza yote niliyokwisha kuchangia. Nikamwambia yabaki, na viti vyake. King'amuzi nikakifunika kitambaa. Neno la asubuhi nikaliacha, Biblia ninayo, haiishi salio. Ule wimbo kuukata ilikuwa kama kuvua ndoano, lakini nikauvua.

Masomo ya Koku nimeyabakiza, yanamsaidia. Na taa za sola nilimaliza deni lake, nimezihamishia huku. Zilimwangazia mama miaka yake ya mwisho, siwezi kuzitukana.

Wasomaji wenzangu, siwaambii msilipie chochote. Mimi ni nani? Labda wako wanaoweza kulipia vyote na wakazikwa vizuri. Ninachowasihi ni hiki: siku mkichoka na malipo ya kila mwezi, kama nilivyochoka, msikate kwa hasira. Angalieni kwanza ni kipi kinachokuja na miguu yake mwenyewe mnapofiwa. Hicho msikiguse. Na wale wanaotuuzia kila kitu kwa mwezi nawaambia bila woga: kwangu mmefika mwisho. Maji nitayateka.

Leo tumemzika shemeji yake Ta Kaijage. Nimefika wa kwanza, kabla mvua haijarudi, nimeondoka wa mwisho, nimelowa. Nikiwa ninafunga lango la kibanja Ma Sabina akanishika mkono, akaniwekea kifuko cha jani la mgomba kilichofungwa kwa kamba.

"Wa kwanza wa mwaka huu," akasema. "Usidhani nimekusamehe."

Jioni tumekula ndizi na maharage, na juu yake senene wa Ma Sabina. Chumvi alikuwa amezidisha. Tumewamaliza.