Kisu Kilichosita

Mwaka ule wa 2091, katika hospitali ya viungo ya Kahama, goti jipya lilichongwa mgonjwa akiwa bado mezani. Upande mmoja wa kioo daktari alifungua mguu na kuupima kwa mwanga. Upande wa pili mashine iliyoitwa Mchongaviungo ilikwangua kipande cha metali ya titani, na baada ya dakika arobaini goti lilitoka limemkaa mwenyewe vizuri kuliko lile alilozaliwa nalo. Watu walilifuata kutoka Kigoma na Bukoba. Foleni ilikuwa ya miezi minane.

Kisu cha mashine hiyo hakikuwa na akili hata chembe. Kilisukumwa na mota, na mota zilisukumwa na kompyuta iliyotoa mapigo elfu arobaini kila sekunde, pigo moja hatua moja. Pigo likichelewa, kisu husita, na pale kiliposita hubaki kwenye titani kovu jembamba kuliko unywele. Ndiyo maana Nkwimba, injinia aliyeitunza kompyuta hiyo, alikuwa akiwaambia wakubwa wake mpaka wakamchoka: "Hatutafuti kompyuta inayokimbia. Tunatafuta isiyochelewa."

Jumatatu moja kompyuta ile iliungua. Ijumaa ya wiki hiyo ilikuwa zamu ya Bi Holo, mama yake Nkwimba. Akiikosa, angerudi mwisho wa foleni, miezi minane mingine ya kutambaa kwenda chooni.

Nkwimba alijua fika anachokitaka: ubao mkuu wa kompyuta, wa kizamani, wenye feni ya makelele, usio na ujanja wowote ila kushika saa. Ghala likajibu kwamba ungefika baada ya wiki tatu. Kilichokuwepo rafuni ni kichakataji-tambuzi, kile kinachojifunza chenyewe na kujipunguzia umeme kikiona kazi imepoa. Kwa shughuli nyingine ni maajabu. Kwa kisu ni mfanyakazi hodari anayesinzia, maana kikishtuliwa huchukua punje ya sekunde kuamka. Alikifunga hicho hicho na kuuzima usingizi wake kwenye mipangilio, ingawa alijua kwamba kitu kinachojifunza chenyewe hujirudishia tabia zake.

Kanuni ya majaribio aliiandika yeye mwenyewe: mapigo yapimwe saa ishirini na nne, kompyuta ikiwa imebebeshwa kazi nyingine zote kwa pamoja. Alipima kwa saa moja tu, bila mzigo. Mstari wa mapigo kwenye skrini ukatoka umenyooka, naye akasaini.

Ijumaa ilipofika, mzee Maduhu, fundi wa mashine kwa miaka thelathini, aliweka kiganja ubavuni mwa Mchongaviungo kama kawaida yake. Katikati ya kazi daktari aliomba kusimama kidogo apime tena mfupa, na kompyuta ikabaki bila kazi. Walipoendelea, mzee alikunja uso.

"Injinia, kimesita."

"Skrini inasema sawa, mzee."

"Skrini haina mkono. Nakwambia kimesita."

Mkono wake ukaenda kwenye kitufe chekundu. Wote wawili walijua maana ya kitufe kile: titani inatupwa, mgonjwa anashonwa, anarudi mwisho wa foleni. Nkwimba naye alikuwa ameisikia, tiki moja kavu. Akamshika mzee kifundo cha mkono.

"Tafadhali, mzee wangu. Huyo ni mama."

Maduhu akauondoa mkono. Mwisho wa mwezi aliacha kazi bila kumuaga mtu.

Ubao wa kizamani ulifika wiki ya tatu, kama ghala lilivyosema. Ili aufunge ilibidi aandike sababu ya kukitoa kichakataji kile, na sababu yenyewe ilikuwa yeye. Isitoshe, mama alikuwa anatembea, anakwenda sokoni, anamsifu mwanawe kwa majirani. Boksi la ubao likaingia kabatini. Nkwimba alijiambia kwamba angelifungua wiki ijayo, na wiki ijayo akajiambia hivyo hivyo, huku magoti yakiendelea kutoka. Alijidharau kwa hilo, lakini kujidharau hakukumzuia kupokea mshahara.

Mwaka ulipokwisha goti la Bi Holo likaanza kuuma na kulia tiki kila alipoinuka. Nkwimba akampeleka kliniki, wakakaa kwenye benchi la kusubiri. Nesi aliita jina, mwanamume mmoja akainuka. Tiki. Akaita la pili, akainuka mama mwenye mtoto mgongoni. Tiki.

"Kumbe tuko wengi!" Bi Holo alisema, kama aliyekutana na watu wa kwao.

Karani akamletea karatasi asaini. Sehemu ya chanzo cha tatizo ilikwisha kujazwa na kompyuta ya hospitali: uzito wa mgonjwa. Bi Holo, ambaye hakufika kilo hamsini, alicheka mpaka akakohoa.

"Uzito gani, wa hii mifupa? Mwanangu, wewe ndiye injinia wa mashine yao. Hebu waambie."

Nkwimba aliishika karatasi.

"Mama, siku ile kisu kilisita. Mzee Maduhu alitaka kusimamisha, nikamzuia. Nilisikia, mama. Niliogopa usije ukarudishwa mwisho wa foleni."

Bi Holo alimpapasa bintiye mgongo mara mbili, taratibu, kama alivyokuwa akimfanyia utotoni akiwa na homa. Kisha akageuka kulitazama benchi, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Mimi ulinifanyia kwa sababu ni mama yako," alisema. "Na hawa?"